Hiyo "wiki" kwenye invoisi siyo siku saba

Ijumaa iliyopita dada mmoja mweka hazina kapanda ngazi mpaka ofisini kwetu, tunakotengeneza tovuti hapa nyuma ya soko la Kilombero, invoisi mkononi, salamu nusu nusu. "Kaka, mlisema kazi ni wiki tatu, mbona mmetuandikia wiki nyingine laki nne na nusu?" Sisi tukacheka, yeye hakucheka. Ikabidi niagize chai kwanza.

Kikundi chao ni vijana wanaojitolea kutengeneza programu ya mahesabu ya vikoba, msimbo wake uko wazi anayetaka anachukua bure, na walikuja tuwafanyie tovuti upya. Ile ya zamani ilikuwa na wiki, yaani zile kurasa ambazo msomaji mwenyewe anaweza kubonyeza hariri akarekebisha. Jina lenyewe siyo letu, ni la Hawaii, maana yake haraka, Mmarekani Ward Cunningham ndo aliliokota kwenye jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu akaliweka kwenye tovuti yake mwaka 1995.

Dada alivyoelewa akaja na la pili, na hili ndo nalisikia mpaka masikio yamechoka: "Lakini si wiki ni bure?"

Ni bure kweli. MediaWiki, ile ile inayoendesha Wikipedia, unaipakua hutoi hata mia. Laki nne na nusu siyo ya wiki, ni ya kuyatoa maelezo mle ndani kuyapeleka kwenye tovuti mpya. Kurasa zimeandikwa kwa alama zake, kuna programu inaitwa Pandoc inasaidia kubadilisha ila majedwali yanapinda, vigezo, yaani vile vipande vya ukurasa vinavyorudiwa kila mahali, vinabaki mabano matupu, picha zinaachwa nyuma, kwa hiyo mtu anakaa anapitia ukurasa mmoja mmoja, alafu kila anwani ya zamani inabidi ielekezwe kwenye mpya maana watu walishazisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp huko. Ukiruka hiyo hatua, mhasibu wa kikoba Babati anabonyeza linki anakuta ukurasa haupo, anajua mradi umekufa.

Sasa mteja anayeona tunapiga bei anakimbilia njia ya mkato. Kuna kijana wa Moshi, kazi nzuri tu tulimfanyia, wiki akasema ataweka mwenyewe, kwenye cPanel, ile paneli ya kusimamia tovuti, ni kubonyeza kitufe, dakika mbili. Akaweka. Usajili kauacha wazi kwa kila mtu, swali la kuzuia roboti, zile programu zinazojiandikisha zenyewe na kumwaga matangazo, hakuna, alafu akasahau. Miezi mitatu baadaye ananipigia usiku, ukitafuta jina la mradi Google inaleta kasino na vidonge vya nguvu za kiume. Tukaingia ndani, maelfu ya kurasa za takataka, bekapu hana, za kwake halisi kumi na nne tu ndo tukaziokoa kwa kuchimba historia. Alilipa zaidi ya ambacho tungemtoza mwanzo, na nilimpunguzia. Watu wanasema Google walishamaliza hilo tatizo tangu 2005 walipoleta alama ya nofollow, linki ya spamu, yaani ya matangazo takataka, isihesabike, na MediaWiki inaiweka yenyewe bila kuulizwa. Sawa, lakini roboti haisomi hayo, inamwaga tu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza wiki iwemo kwenye tovuti mpya au isiwemo, sijibu papo hapo. Tunafungua wote ile ya zamani, ukurasa wa mabadiliko ya karibuni, tunaangalia nani ameandika. Kwa hawa wa vikoba tulikuta majina mawili mwaka mzima, mmoja ndo huyo anayeandika programu. Sasa huyo wiki ya nini? Maelezo ya kuinstoli yakae pamoja na msimbo, akibadilisha programu anabadilisha na maelezo hapo hapo, toleo jipya lisitoke na maelekezo ya mwaka juzi. WordPress wenyewe, wale wa programu ya kutengenezea tovuti, walikuwa na wiki kubwa inaitwa Codex, wakaja kuhamishia maelezo yao kwenye kurasa rasmi.

Siyo kwamba nachukia wiki, jamani. OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, wanayo na inawafaa, maana barabara ya vumbi Monduli na barabara ya Ujerumani lazima wakubaliane waziiteje kwenye ramani, na anayejua ni yule aliyepo huko, siyo fundi wa tovuti. Watumiaji wakiwa na ya kuandika, na kuna mtu mwenye jina kabisa wa kupita kila asubuhi kufuta uchafu, nakuwekea, na kwa mradi mdogo nakupa DokuWiki, inahifadhi kwenye mafaili ya kawaida bila databesi, bekapu ni kunakili folda tu. Ila usajili ni kwa kuidhinishwa. Hapo sibishani.

Dada alilipa, nusu siku ile nusu Jumatatu. Kwenye invoisi siku hizi tunaandika "kuhamisha kurasa za maelezo" yaishe. Na wewe unayekuja, njoo na paswedi ya wiki ya zamani, maana aliyeiweka kila mara tunaambiwa keshahamia Dar na namba kabadilisha.