Barua kwa mwaka wa kwanza: Chuoni hakuna atakayekutafuta

Wanangu,

Mmetoka shule ambako majina yaliitwa kila asubuhi, na asiyeitika alitafutwa. Huko mnakoingia, ukumbi mmoja wa mihadhara unaweza kujaa wanafunzi mia tano, na mhadhiri akimaliza kipindi hajui nani alikuwepo na nani alibaki kitandani. Ukikosa wiki tatu, hakuna atakayegonga mlango wako. Wengi wanaoanguka mwaka wa kwanza wana akili za kutosha kabisa. Huteleza polepole, kimya kimya, bila mtu wa kuwaona.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuonekana kwenye orodha. Kulipa ada na kupewa namba ya usajili hakumaanishi kwamba umesajiliwa kwenye kozi. Hizo ni hatua mbili, na ya pili ndiyo inayoleta maafa. Mwanafunzi huchagua kozi kwenye mfumo, mtandao unakatika kabla hajathibitisha, naye anaondoka akijua amemaliza. Au huchagua msimbo wa kozi wa mwaka uliopita, wenye jina lile lile lakini tarakimu moja tofauti. Anahudhuria, anaandika asaimenti zote, halafu wiki ya mitihani jina lake halimo, na dirisha la kubadilisha kozi lilifungwa mwanzoni mwa muhula. Ukishathibitisha, toka kabisa kwenye mfumo, ingia upya, uone kama kozi zote bado zipo. Zilinganishe na ratiba ya idara herufi kwa herufi, kisha hifadhi ukurasa ule ukiwa na tarehe, nakala moja kwenye simu na nyingine kwenye barua pepe.

Sasa hesabu, maana wengi hufika mwaka wa tatu bila kuijua. Krediti ni kipimo cha muda. Uingereza krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS ni saa 25 hadi 30. Saa hizo ni za kazi yote: darasani, maktabani, kuandika, kujiandaa na mtihani. Angalia chuo chako kinatumia kipimo gani. Kwa kipimo cha saa 10, kozi ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 8 kila wiki. Ratiba ikionyesha saa 3 za darasani, saa 5 zilizobaki ni juu yako kuzipangia siku na mahali.

GPA nayo, yaani wastani wa matokeo yako: zidisha pointi za gredi (namba inayosimama badala ya A, B au C) kwa krediti za kozi, jumlisha, gawa kwa krediti zote. Kozi ya krediti 4 yenye pointi 3, ya krediti 3 yenye pointi 4, na ya krediti 2 yenye pointi 5 zinatoa 12, 12 na 10. Jumla ni 34, gawa kwa 9, unapata 3.78. Pandisha ile nzito kwa pointi moja, inakuwa 4.22. Sasa angalia unakopeleka usiku wako: ni kwenye kozi ya krediti 4 unayoiogopa, au kwenye ile ya krediti 2 unayoipenda?

Na msidharau alama za kazi za muhula. Chukua kozi ambayo kazi za muhula zina alama 40, mtihani 60, na kufaulu ni 50. Mwenye 28 mkononi anahitaji 22 tu kati ya 60. Mwenye 16 anahitaji 34, zaidi ya nusu ya mtihani, siku ambayo huenda akaamka na homa. Sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia kwa waliofeli, huanzia kwenye jaribio la wiki ya tano ambalo mtu aliliona dogo.

Kuhusu kusoma nitasema moja tu. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni, kisha hupungua. Kwa hiyo jioni ile ile ya mhadhara funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kwa dakika kumi kila unachokumbuka. Ukikwama, ruka mstari uendelee. Kisha fungua daftari ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ya pili ndiyo orodha yako ya kusoma. Irudie orodha hiyo baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki. Kusoma notsi mara tano kwa macho kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo huyeyuka mbele ya karatasi ya maswali.

Nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi: alama zinazopotea. Chuo kikubwa hupitisha maelfu ya karatasi mikononi mwa watu wachache. Kitabu cha majibu huingia kwenye bahasha ya kozi nyingine, tarakimu ya namba ya usajili husomwa vibaya, alama za jaribio hubaki kwenye kompyuta ya mkufunzi msaidizi aliyemaliza mkataba. Asiye na ushahidi hurudia kozi aliyofaulu. Ukipeleka asaimenti kwa mkono, piga picha ukurasa wa kwanza na sahihi yako kwenye orodha. Ukipeleka kwenye mfumo, usingoje saa ya mwisho wakati darasa zima linaingia kwa pamoja. Peleka siku moja kabla na uhifadhi ujumbe wa kupokelewa. Kwenye mtihani, saini orodha ya mahudhurio kabla hujatoka, hata kama msimamizi amesahau kuipitisha.

Matokeo yakitoka na kozi moja haina alama, andika wiki hiyo hiyo. Malalamiko ya mdomo kwenye korido hayaachi ushahidi wowote. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: jina, namba ya usajili, msimbo wa kozi, tarehe na chumba cha mtihani, kinachokosekana, na vielelezo. Anza kwa mhadhiri, kisha mkuu wa idara, kisha ofisi ya mitihani, na kila mahali omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Anayengoja hadi mwaka wa mwisho humkuta mhadhiri ameshahama.

Ukiugua karibu na mtihani, nenda zahanati ya chuo na uombe kuahirisha kabla ya kuingia chumbani. Aliyeingia mgonjwa akafanya, halafu akaleta cheti baada ya matokeo, mara nyingi hasikilizwi.

Pesa ya muhula ikija kwa mkupuo, toa kwanza kodi na ada. Kinachobaki, kama muhula ni wiki 17, kigawe kwa 19. Zile wiki mbili za ziada ni za ugonjwa na za pesa inayochelewa.

Binti zangu, na vijana wa kiume pia: alama haziombwi hotelini wala usiku kwenye simu. Mhadhiri akitaka muonane, iwe ofisini, saa za kazi, ukiwa na mwenzako. Akikutumia ujumbe wa kutaka mwili wako, usiufute, hata kama unakuchefua. Hifadhi, uonyeshe kwa mtu unayemwamini, upeleke kwa maandishi kwenye dawati la jinsia au kwa mlezi wa wanafunzi. Aibu ni yake.

Na watu wa kukuona je? Keti safu tatu za mbele, kiti kile kile, wiki mbili mfululizo. Majirani watakujua kwa sura, kisha kwa jina. Tafuta watatu muwe kundi la wanne. Wakizidi sita, wawili husoma na wengine husikiliza. Wekeaneni neno: asiyeonekana siku mbili apigiwe simu, asipopokea afuatwe chumbani.

Ikiwa barua hii imekukuta umeshakosa mwezi mzima, na unaona haya kurudi, nenda kesho kwa mshauri wako wa masomo. Usitunge kisa. Mwambie, "Nimekosa wiki nne, niambie kipi bado kinaokoleka." Wameshalisikia mara nyingi, na wiki ya sita huenda bado kuna kozi unayoweza kuiondoa, jaribio unaloweza kuomba upya, muhula unaoweza kuahirisha. Wiki ya kumi na nne milango hiyo huwa imefungwa.

Mzee wenu