Presha iliyoingia bila hodi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeisoma yote, na pale ulipouliza, "Mimi mwembamba, sivuti sigara, pombe sijui hata ladha yake, sasa presha hii imetoka wapi?" nikaona jibu la mstari mmoja halitakufaa.

Tumezoea magonjwa yenye mkosaji mmoja. Kipindupindu kina bakteria wake, malaria ina kimelea chake, ukikipata umemaliza upelelezi. Presha, kisukari, maradhi ya moyo, saratani nyingi na magonjwa sugu ya mapafu hayaji hivyo. Hujengeka miaka kumi, ishirini, mambo kadhaa yakisaidiana: ulichorithi, umri, chumvi, moshi, kukaa kitako kutwa, pombe, uzito, usingizi mbovu. Ndiyo maana wataalamu husema vihatarishi. Kuwa nacho hakukuhakikishii ugonjwa, na kukikosa hakukupi kinga. Utasikia mtu akitetea sigara kwa babu aliyevuta mpaka miaka tisini. Sawa, babu yupo na anasimulia. Wenzake waliovuta wakafa na hamsini hawana nafasi ya kusimulia.

Usijione mjinga kwa kutojua. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa na madaktari wa kumtosha, na daktari wake mkuu alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo. Presha yake ilisomeka 162/98 mwaka 1937 (namba ya juu ni moyo ukisukuma damu, ya chini ni moyo ukipumzika), ikawa 188/105 mwaka 1941, na umma ukawa unaambiwa mzee ni mzima. Enzi zile wengi waliamini presha kupanda ni sehemu ya kuzeeka tu, na dawa za maana hazikuwepo. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma vibaya, akazimia, na presha iliyopimwa siku hiyo ilikuwa 300/190. Alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 63. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, watafiti walianza kuwafuatilia watu 5,209 wa mji wa Framingham, Massachusetts, wakiwapima kila baada ya miaka miwili ili waone nani ataugua moyo na alikuwa na nini kabla ya kuugua. Kutokana na watu hao ndipo ilipothibitika kwamba presha na lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka mingi. Leo tunaiona kama habari ya kawaida kabisa, lakini Roosevelt hakuwa na wa kumwambia.

Sasa wembamba wako. Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Jerry Morris, mtafiti wa afya wa Uingereza, uliotoka mwaka 1953. Aliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta wao. Gari moja, jiji moja, mshahara usiopishana sana. Dereva ameketi zamu nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi mamia kwa siku. Makondakta waliugua moyo kwa uchache zaidi, na wale kati yao waliopata shambulio la moyo walinusurika zaidi. Bila shaka unataka kusema labda madereva walikuwa wanene. Naye aliwaza hivyo, akaenda kuchungulia vipimo vya sare zao! Kweli suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi, lakini hata alipowalinganisha wanene kwa wanene na wembamba kwa wembamba, kondakta bado alikuwa na nafuu. Kwa hiyo kioo hakikutoshi kama kipimo, na wewe kazi yako ni ya kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Kisha chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, lakini wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Chumvi huvuta maji yabaki mwilini, damu huongezeka wingi, na moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi kwenye mishipa ileile. Sehemu kubwa inaweza kuwa imeingia kiwandani kabla hujagusa kibakuli cha chumvi, kwa hiyo soma pakiti. Uliniambia pia presha ni ya ukoo wenu. Inawezekana, ila ukoo hurithishana damu na jiko kwa pamoja, na jiko unaweza kulibadilisha.

Kinachoniudhi ni watu kuzungumza kana kwamba kila mgonjwa alijitakia. Mwaka 2021 magonjwa haya, yanayoitwa yasiyoambukiza, yaliua watu wasiopungua milioni 43 duniani, milioni 18 kati yao kabla ya kufika miaka 70, na asilimia 82 ya hao waliokufa mapema walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nani alichagua hewa chafu anayoivuta njiani? Nani alichagua kazi ya zamu mbili? Hata neno "yasiyoambukiza" lisikudanganye sana: saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi, na ya ini mara nyingi huanzia kwenye homa ya ini, kwa hiyo chanjo nayo ni kinga.

Hukuniambia ulipimwa mara ngapi. Kipimo kimoja ulichochukua umetoka kupanda ngazi kwa hasira hakitoshi. Kaa kimya dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, na kipimo kirudiwe siku nyingine; ikibaki 140/90 au zaidi, basi ni presha kweli. Omba wakupime sukari, lehemu na figo pia, maana presha na kisukari vikikutana katika mwili mmoja hatari hupanda kuliko ukivihesabu kimoja kimoja. Ukipewa dawa, usiziache siku namba zitakaposhuka. Zitakuwa zimeshuka kwa sababu ya dawa.

Ukiniandikia tena nitajie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Na yule kaka yako anayejisifu kwamba hajawahi kukanyaga hospitali, mburute ukienda. Presha haina haja ya kuuma ndipo iwepo, na nyinyi ni baba mmoja mama mmoja.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.