Barua kwa vijana wanaotaka kusomea kuvu: tunzeni sampuli

Wanangu wa Njoro, Molo na Nakuru mjini,

Nawasalimu. Nasikia mmemaliza shahada ya baolojia na mnataka kuchunguza jeni za kuvu zinazoleta magonjwa. Vyema. Ila kila anayenipigia simu anaulizia mashine ya kusoma jeni, na sampuli hakuna anayeziulizia. Hapo nina neno.

Kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, mnaijua, baba zenu wameipulizia dawa ngano yao miaka yote. Aina ya kutu hiyo iitwayo Ug99 ilitambuliwa Uganda 1998, ikaivunja Sr31, jeni ya kinga iliyotegemewa na wazalishaji wa mbegu katika nchi nyingi. Tangu 2005 ngano kutoka pembe zote za dunia hupandwa kwenye kituo chetu cha utafiti Njoro ili iugue kwa makusudi, tuone ipi itasimama. Aina ya ngano ya Robin, tuliyoipata baadaye, ilisimama. Baada ya miaka michache kutu ilikuwa imeijulia.

Kwa nini inatushinda mbio? Inaposhambulia ngano, kila seli ya kutu hii ina viini viwili vyenye jeni zake, visivyoungana, kama wake wenza wanaokaa boma moja, kila mmoja na jiko lake. Mwaka 2019 watafiti walichapisha usomaji wa viini hivyo kimoja kimoja. Wakakuta kiini kimoja cha Ug99 kinalingana karibu kabisa na kiini cha aina nyingine ya kutu hiyo, iliyopatikana Australia 1954 na ambayo inadhaniwa ilitoka kusini mwa Afrika. Yaani kuvu mbili zilikutana kwenye mmea mmoja, nyuzi za miili yao zikagusana, kiini kikahama kizima kizima na jeni zake zote, bila kujamiiana, na aina mpya ikazaliwa. Nikisoma habari hiyo hata leo nywele zinanisimama.

Sasa niambieni: wangelinganisha na nini kama ile kutu ya zamani ingetupwa? Kuna watu waliihifadhi kwenye baridi kali, wakaandika ilikopatikana, wakastaafu, wengine wakaipokea. Majina yao wengi hatuyajui.

Kwa hiyo chagueni kuvu moja mkae nayo. Fedha za utafiti huja kwa miaka miwili mitatu kisha zikakatika, na mshahara, tusidanganyane, si wa kujengea ghorofa. Mashine itabadilika mara nyingi kabla hamjaota mvi. Sampuli iliyoandikwa vizuri itaisubiri kila mashine mpya.

Na muwe waangalifu. Sampuli zetu zikipelekwa maabara ya St. Paul, Minnesota, kule Marekani, huchunguzwa wakati wa baridi tu, ili spora, ile chembe ndogo ya kuvu ienezayo ugonjwa, ikiponyoka isikute ngano shambani. Ninyi nawaona mkitoka kwenye ngano iliyojaa kutu, suruali ikiwa nyekundu, moja kwa moja hadi shamba la mjomba kumsalimia. Fueni nguo kwanza. Mjomba hakimbii.

Mkianza msimu huu, shina lenye vidonda liwekeni kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki hufungia unyevu na sampuli huoza. Andikeni aina ya ngano, mahali, tarehe na jina la aliyechuma. Tena kwa penseli, kwa sababu mvua ya Mau Narok haiheshimu wino.

Mimi mzee wenu,
Njoro