Msicheke mbwa wa kaunsela

Mhariri,

Juzi gazeti lenu limecheka eti Marekani hata mbwa kaajiriwa kutoa ushauri nasaha. Sawa chekeni, hata mimi nilicheka mpaka siku niliyompeleka mtoto wa dada yangu kwa kaunsela hapa Ohio, miezi miwili dogo alikuwa haongei anajibu kwa mabega tu, tukakuta mbwa mzee aina ya labrado kajilalia kwenye kapeti, dogo akakaa chini akaanza kumkuna nyuma ya sikio na kidogo kidogo maneno yakaanza kutoka, ila alikuwa anamsimulia mbwa sio sisi, kaunsela yeye katulia tu anasikiliza.

Na haya mambo sio ya jana. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York, aliandika toka 1962 jinsi mbwa wake Jingles alivyomsaidia kumfikia mtoto aliyejifungia moyoni, haongei na watu. Hata Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, alikuwa anakaa na mbwa wake Jofi ofisini watu wakieleza shida zao.

Mbwa hatibu mtu jamani, kazi ni ya kaunsela, mbwa anapunguza woga tu, hakuulizi kwa nini unalia. Na kwanza unaulizwa kama una aleji au unaogopa, mimi niliwaambia nina udhu wangu (ndio ukweli), wakamsogeza upande wa pili na hakuna aliyenuna.

Dogo siku hizi ikifika Alhamisi, siku ya kwenda kwa kaunsela, anavaa viatu mwenyewe.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio