Nyumba ya mlimani ni ile inayobebeka begani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi seremala, nina miaka 58, nakaa Mlalo wilayani Lushoto. Naomba nafasi niseme juu ya nyumba tunazojenga huku Usambara, maana masika hayako mbali na watu wameshaanza kuchimba.

Wanachimba mlima. Mtu wa huku akitaka kujenga, la kwanza ni kukata ngema apate uwanja. Udongo wa nyuma anaumwaga mbele, anaushindilia, kisha anapandisha ukuta. Nusu ya nyumba inakaa juu ya ardhi ngumu, nusu juu ya kifusi. Misimu miwili ya mvua haipiti kabla kifusi hakijatitia, na ukuta unapasuka kuanzia kona ya mbele. Kule nyuma ngema imebaki wima bila mzizi wa kuishika. Masika ya 2019 ngema ya namna hiyo iliangukia jiko la mama yangu usiku. Yeye alikuwa chumbani. Mbuzi wake wawili tuliwafukua asubuhi.

Wenzetu wa Goha, kule Mamba Miamba wilayani Same, walifukiwa na mlima Novemba 2009. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe ya Mlima Hanang yakashuka hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara. Serikali iliwajengea waathirika nyumba mpya eneo la Waret, na nilifurahi kuona hivyo. Lakini watu wote wa milimani hawawezi kuhamishwa. Maharage yetu, kabichi zetu na makaburi ya wazee wetu yako huku.

Kinachoniuma ni kwamba shambani tulishaelewa zamani. Miaka ya 1980, wakati wa SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo huku Lushoto, baba yangu alifundishwa kupanda majani ya gwatemala kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayoukingama mteremko, ili udongo usikimbie. Majani hayo yapo hadi leo. Shamba linaufuata mlima, halafu nyumba iliyo katikati ya shamba hilohilo inaukata!

Nilipomjengea mama upya mwaka 2021 sikukata kitu. Nilisimamisha nguzo fupi za mawe na saruji, za upande wa juu zikitokeza kidogo tu na za upande wa chini zikifika kifuani, hadi vichwa vyote vikawa usawa mmoja. Juu yake nikalaza boriti na sakafu ya mbao. Maji ya mvua yanapita chini ya nyumba kwenye majani, hayakutani na ukuta.

Kuta nilizitengeneza karakanani, huku chini barabarani. Ni paneli za mbao za paini, kila moja upana mita 1.2 na urefu mita 2.4, nyingine zikiwa na dirisha, nyingine mlango. Nyumba ni mita 6 kwa 7.2, hivyo kuta za nje zilihitaji paneli 22. Nikaziandika namba kwa rangi. Siku ya msaragambo, kazi yetu ya kusaidiana, vijana wa ukoo wakazipandisha kwa njia ya miguu, watu wawili kwa paneli moja, na kufika saa sita mchana zote zilikuwa juu. Ukuta wa bloku wa ukubwa huo ungetaka zaidi ya tofali 500, kila moja ikipita kilo 20. Hizo ni tani 10 za kupandisha mahali ambapo hata bodaboda haifiki, na huku kwetu mzigo wa namna hiyo mara nyingi huishia vichwani mwa akina mama.

Najua watu watasema mchwa. Kila kichwa cha nguzo nimekifunika kwa kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini, na mbao nilizipaka dawa kabla ya kuzifunga. Mchwa akitaka kupita lazima ajenge njia yake nje ya bati, tukaiona na kuivunja. Upepo nao unataka mikingamo, yaani mbao za mshazari za kukaza, ndani ya kila paneli na vyuma vya kufungia boriti kwenye nguzo. Hapo fundi asibane matumizi. Jiko tulilijenga pembeni kwa sababu ya moto. Na paneli ikioza inafunguliwa hiyo moja tu.

Wapo wanaoita nyumba ya mbao kibanda. Nawaomba walale humo mwezi wa saba, wakati ukuta wa saruji unatoa baridi usiku kucha.

Sipingi tofali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Kwa wenye kiwanja chenye tambarare kidogo ni mazuri, tena yanaokoa miti inayoteketea kwenye matanuru yetu. Ninachowaomba wataalamu hao, pamoja na wahandisi wa halmashauri zetu za milimani, ni ramani ya nyumba ya mteremko: vipimo vya nguzo, vya paneli, vya mikingamo, vyote kwenye karatasi ambayo fundi wa kijijini ataisoma. Vipimo vikiwa vilevile kila mahali, paneli ya Mlalo itaingia kwenye nyumba ya Mtae au Bumbuli, na vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA watapata kazi ya kuzitengeneza. Mimi nilipima kwa macho na uzoefu. Hiyo haitoshi kwa nyumba za watu wengi.

Jirani yangu ameshapima kiwanja chake juu ya njia tunayopita kwenda kisimani, na jembe ameshalinoa. Nimemsihi asikate ngema kwanza. Amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi wa pili.

Fundi seremala,
Mlalo, Lushoto