Hukukosea, mama

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema gavana mliyoitengeneza chuoni, kile kifaa cha kudhibiti mwendo wa injini kwa matufe yanayopanda yakizunguka, imewaangusha: mlitoa matufe ya mbao mkaweka ya chuma, na bado yakapanda kimo kilekile kwa mwendo uleule. Hamkukosea popote, mama. Ndivyo inavyotakiwa.

Tufe likiwa zito huvutwa chini zaidi, lakini pia hurushwa nje zaidi, kwa kiasi kilekile. Uzito unajifuta, unabaki mwendo peke yake. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, matufe huning'inia kama sentimita 25 chini ya pale mikono iliposhikizwa. Kwa 120 zinabaki 6. Kwa 300 ni 1 tu. Yameshapanda karibu yote, hayana pa kwenda.

Injini za mvuke za James Watt, fundi wa Uskoti, zilikwenda polepole, kwa hiyo gavana ya namna hii ilimtosha. Mwaka 1788 mshirika wake, Matthew Boulton, alimwandikia kutoka London kuhusu kifaa alichokiona kwenye kinu cha Albion Mills kikirekebisha mawe ya kusagia. Watt akakihamishia kwenye vali ya mvuke. Hakuomba hataza, maana wenye vinu walikuwa nacho tayari. Nafurahi kila nikikumbuka hilo: gavana imetokea kwenye kusaga nafaka, kazi iliyokusomesha wewe.

Aliyetibu tatizo lenu ni Charles Porter wa Marekani, mwaka 1858. Matufe aliyafanya madogo, akaweka uzito mkubwa katikati, juu ya bushi inayopanda na kushuka kwenye shafti. Uzito ule unavuta chini tu, haurushwi nje. Tufe likiwa kilo 1 na uzito wa kati kilo 9, zile sentimita 25 utazipata kwa mizunguko kama 190.

Baadaye springi ikachukua kazi ya uzito ule, na hapo ndipo mimi nilipojifunza kwa hasara. Ulikuwa bado mdogo. Injini ya mashine yetu ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu anayehema. Nikailaumu springi. Nikakata mizunguko yake miwili, nikairudisha. Kuhema kukapungua, lakini mahindi yakimiminwa injini inazama, kinamama wamejipanga na ndoo zao. Nikakaza nati inayoibana springi, mwendo ukapanda, na bado ikazama. Sikujua kwamba springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, na kwamba nati inabadilisha mkazo wa kuanzia, haigusi ugumu wenyewe. Ikiwa ngumu mno, injini inapoteza mwendo mwingi kabla gavana haijafungua mafuta ya kutosha. Ikiwa laini mno, gavana inashtuka kwa kila kitu, injini haitulii.

Siku ya tatu nikafungua bushi. Ilikuwa na kutu upande mmoja, inakwama, halafu inaruka. Nikapitisha msasa, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaipaka oili nyepesi, nikanunua springi nzima. Ikatulia.

Sasa rudisheni matufe ya mbao. Chukueni kopo, toboeni katikati, lipite kwenye shafti na kukaa juu ya bushi, mjaze mchanga kidogo kidogo. Kila mkiongeza, hesabu mizunguko inayohitajika hadi bushi ianze kunyanyuka. Niandikie namba zote, hata zile unazoona haziendani.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako