Barua ya malalamiko kuhusu safari ya wanafunzi wetu Beijing

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

MINT: WANAFUNZI KUPELEKWA MADUKANI BADALA YA KASRI LA KIFALME

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya upili kaunti ya Kilifi, na ndiye niliyeandamana na wanafunzi ambao kampuni yenu iliwapeleka Beijing wakati wa likizo ya Aprili. Safari hiyo iligharamiwa na shule kwa fedha za harambee ya wazazi na wanafunzi wa zamani, na shabaha yake kuu tuliieleza kwa maandishi kabla ya kutia sahihi mkataba: wanafunzi wazuru Kasri la Kifalme (Forbidden City), lililojengwa kati ya mwaka 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle, ambaye katika enzi yake twiga kutoka Malindi alipelekwa China mwaka 1415 na merikebu za amiri wake Zheng He zikafika pwani yetu. Wanafunzi wamerudi nyumbani bila kuingia katika kasri hilo.

Ratiba yenu iliweka ziara ya kasri siku ya Jumatatu, siku ambayo kasri hufungwa isipokuwa ikiangukia sikukuu. Jambo hilo mgeni huenda asilijue. Wakala anayelipwa kupanga safari za Beijing hana budi kulijua. Kiongozi wenu alipotutangazia ndani ya basi kwamba kulikuwa na mabadiliko madogo, niliomba tupelekwe kesho yake, na hapo likafichuka kosa ambalo kwangu ni zito zaidi: hakuna tiketi hata moja iliyokuwa imewekwa. Tiketi za kasri huwekwa mapema, kwa jina na nambari ya pasipoti ya kila mgeni, na idadi ya wanaoingia kwa siku ina kikomo. Nakala za pasipoti zetu mlikuwa nazo tangu mlipotuombea viza. Kiongozi alituambia kwanza kwamba tiketi zilikuwa zimekwisha, lakini nilipombana alikiri kwamba ofisi yenu haikuwahi kuziagiza.

Muda uliokuwa wa kasri ulitumika madukani: duka la hariri, duka la chai, kisha duka la vito vya jade, na hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye ratiba. Katika duka la jade wanafunzi waliketishwa wakaelezwa bei, halafu wakaambiwa kwamba basi lingerudi baada ya dakika arobaini na tano, kwa hiyo hawakuwa na pa kwenda. Muuzaji alimvisha msichana mmoja wa Kidato cha Tatu bangili, akaondoka kwenda kuhudumia wengine huku bangili ikiwa imembana mkononi, akarudi na kikokotoo kinachoonyesha bei iliyopunguzwa. Msichana huyo alitoa karibu fedha zote alizopewa na mama yake. Ndiye huyo aliyekuwa amechora, ukurasa baada ya ukurasa, vipande vya kauri za Kichina vilivyomo katika makumbusho ya magofu ya Gedi, ili avilinganishe na vyombo vya kasri. Daftari lake lilirudi Kilifi na kurasa za upande wa pili zikiwa tupu, na hili ndilo linaloniuma kuliko hasara yoyote ya fedha.

Nakiri kwamba hoteli ilikuwa safi na ziara ya Ukuta Mkuu huko Mutianyu iliendeshwa vizuri. Hayo hayafuti yaliyotangulia.

Sheria ya Utalii ya China, iliyoanza kutumika Oktoba 2013, katika kifungu cha 35 inakataza kampuni za utalii kuwapangia wageni maduka maalumu ya kununulia bidhaa, ila pale wageni wenyewe wanapoomba au pande zote mbili zinapokubaliana. Sisi hatukuomba wala hatukukubali. Kifungu hicho hicho kinampa mgeni haki ya kudai, ndani ya siku 30 tangu safari imalizike, kampuni imrudishie bidhaa dukani na imlipe fedha zake kwanza. Muda huo haujapita.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Mtupokelee bidhaa zilizonunuliwa katika maduka hayo na kuwalipa wanafunzi kulingana na risiti nilizoambatisha. Mwirudishie shule gharama ya ziara ya kasri pamoja na ya basi na kiongozi kwa muda uliotumika madukani. Tena mtueleze kwa maandishi iwapo kampuni yenu au mshirika wenu wa Beijing alipokea kamisheni yoyote kutokana na manunuzi ya watoto hawa, kwa sababu wazazi wameniuliza na wana haki ya kujibiwa.

Tunasubiri jibu lenu katika muda wa siku 14 tangu mpokee barua hii. Tusipolipata, bodi ya shule imeniagiza niwasilishe mkataba, ratiba na risiti hizi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, Nairobi.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa Historia na msimamizi wa safari,
kwa niaba ya bodi ya shule na wazazi